Kwa Vonza: Kijiji kilichoweka akiba yake mchangani

Jua bado halijapanda vizuri juu ya vilima vya Kitui, na mama mmoja ameshapiga magoti katikati ya mto mkavu. Mbele yake pana shimo lenye kina cha mkono, limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilikanyage. Anachota kwa kata ya kibuyu, anamimina kwenye mtungi, kisha anasubiri. Maji yanajikusanya taratibu kutoka kwenye kuta za mchanga, safi, yenye ubaridi. Anachota tena. Pembeni punda amesimama kimya, akingojea mitungi yake minne ya lita 20. Mpaka wa mwisho ujae, asubuhi imeshakuwa asubuhi kweli na vumbi la barabarani limeanza kutimka.

Msafiri anayepita juu ya daraja huona mchanga mweupe umelala kutoka ukingo hadi ukingo, akasema mto huu umekufa. Haujafa. Umejificha, na watu wa hapa wanajua ulipojificha. Ujuzi huo ndio uliokiweka kijiji hiki hai kwa vizazi vingi, na ndio ulionileta kuandika juu ya Kwa Vonza, kwa sababu sasa kijiji kinakua haraka na mchanga wenyewe umekuwa bidhaa.

Jina na njia

Anayetoka Nairobi hupita Machakos, akafika Wamunyu, soko la wachongaji ambao sanaa yao inajulikana hadi ng'ambo tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kutoka hapo huvuka Mto Athi, akapanda Yatta, na kabla hajaufikia mji wa Kitui hukuta maduka yamejipanga pande zote mbili za lami. Kuna maembe ya msimu yamepangwa mafungu mafungu, kibanda cha M-Pesa, muuza mahindi ya kuchoma, vijana wa bodaboda chini ya kivuli. Hapo ni Kwa Vonza. Kiutawala ni sehemu ya wadi ya Kwa Vonza/Yatta, mojawapo ya wadi 4 za eneo bunge la Kitui Rural, pamoja na Kisasi, Mbitini na Kanyangi, katika kaunti iliyohesabiwa watu 1,136,187 mwaka 2019.

Jina lake halihitaji mkalimani. “Kwa” ya Kikamba ni “kwa” ile ile ya Kiswahili: kwa fulani, nyumbani kwake. Mombasa kuna Kwa Jomvu, Dodoma kuna Kwamtoro, na Ukambani majina ya namna hii yametapakaa kila upande. Mahali pa aina hii msafiri huelekezwa kwa mtu kabla ya kuelekezwa penginepo, na katika nchi kavu maana yake ni nzito. Kufika kwa mtu ni kufika penye maji, kivuli na chakula.

Na wasafiri walikuwapo. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Mmoja wa viongozi wao mashuhuri, Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali, na jina alilolisikia kwa wenyeji wake ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu.

Mwaka 1851 Krapf alirudi akiwa na nia ya kujenga kituo cha misheni huku Yatta. Alifuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana, wakavamiwa, Kivoi akauawa, na mgeni yule akabaki peke yake porini. Alichoandika baadaye kinawahusu sana watu wa mito mikavu. Alijaza maji ya Tana kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, yakaisha. Kiu ilipomzidi alisikia kelele za nyani, akafurahi, kwa kuwa penye nyani hapakosi maji. Akafuata mkondo mkavu hadi kwenye shimo ambalo nyani hao walilichimba mchangani, na humo akanywa. Kituo cha Yatta hakikusimama, lakini Krapf alirudi pwani hai. Somo aliloliona siku ile, kwamba mto mkavu una maji, mtoto yeyote wa Kwa Vonza amelifahamu kabla ya kwenda shule.

Baadaye ikaja reli. Ilipofika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa imepita magharibi ya Athi. Bidhaa zikafuata chuma, maofisa wakafuata bidhaa, na nchi ya mashariki ya mto, iliyokuwa njia kuu ya misafara, ikageuka kuwa pembezoni. Watoto wa Kitui walizoea kusikia kwao kukitajwa kwa ukame na chakula cha msaada tu. Ni vema ikumbukwe kwamba njia hii ilikuwa na watu wake na biashara yake kabla reli haijawazwa.

Bonde lililogeuka mlima

Ili kuielewa Kwa Vonza, tazama kwanza Yatta. Kutoka mbali inaonekana kama ukuta mrefu uliokatwa bapa juu, ukipita upeo mzima wa macho. Ukuta huu unaanza karibu na Ol Doinyo Sabuk na kwenda hadi ndani ya Tsavo, karibu kilomita 300. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani.

Kisa chake kinashangaza. Takriban miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka kama uji wa moto, ikafuata njia rahisi kuliko zote, yaani bonde la mto wa kale. Ikalijaza, ikapoa, ikawa jiwe gumu liitwalo fonolaiti, ambalo likigongwa hulia kama kengele. Kisha mvua na mito ikaanza kazi yake. Ardhi laini ya kando kando ikamomonyoka msimu baada ya msimu, na lile jiwe gumu likabaki. Palipokuwa bondeni ndipo pakawa juu.

Yatta ndiyo inayotenganisha maji. Upande wa magharibi Athi inateremka kando yake mwaka mzima, inaungana na Mto Tsavo, inaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Upande wa mashariki hali ni nyingine. Huko ni nchi ya Tiva na vijito vyake, mito ya msimu inayonguruma siku chache baada ya mvua kubwa, ikakauka, na mwisho wa safari yake ndefu kuelekea kusini ikapotelea katika nyika ya Tsavo.

Mito hii inabeba mchanga kwa sababu ya miamba inayoizunguka. Vilima vya Kitui ni vya miamba ya kale sana, yenye chembe ngumu za kwazi, na miamba hiyo inapolika hutoa mchanga wa chembe kubwa, mwepesi kupitisha maji. Mafuriko huuteremsha, nguvu ya maji inapopungua mchanga unatua, na maji yanazama ndani yake.

Hapo ndipo faida ilipo. Hata mwaka ukiwa mzuri, jua la Kitui lina uwezo wa kukausha maji maradufu ya yale yanayoletwa na mvua. Bwawa lililo wazi huliwa na jua kila siku. Maji yaliyozama mchangani, yakishapita takriban sentimita 60, jua haliyafikii tena. Mbu hawezi kutaga humo, ng'ombe hawezi kuyachafua, na mchanga wenyewe unayachuja. Wahenga walisema akiba haiozi, na ni vigumu kupata mfano wa methali hiyo ulio bora kuliko huu.

Njaa zenye majina

Mvua ya hapa huja mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia Machi na vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Mkulima wa Kitui huiamini zaidi vuli, ambayo Wakamba huiita nthwa. Masika inaweza kuja na mawingu mengi na matone machache. Mvua zikikosekana misimu miwili mfululizo, nchi inaingia kwenye yua, yaani njaa.

Wakamba huzipa njaa zao majina, na majina hayo ndiyo kalenda ya vijiji kama Kwa Vonza. Mzee anaweza asijue mwaka aliozaliwa kwa tarakimu lakini akakuambia ni njaa ipi ilimkuta tumboni mwa mama yake. Mwishoni mwa karne ya 19 ilipita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyowakuta watu wote. Ilikuja pamoja na ndui na sotoka ya ng'ombe, na ilimaliza koo nzima. Mwaka 1961 ikaja Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kutoka angani. Mwaka 1984 ikaja ile inayoitwa Nikwa Ngwete, maana yake ninakufa nikiwa nimeshika. Walioshika walikuwa na pesa mkononi, na dukani hapakuwa na unga wa kununua.

Hebu tulitafakari jina hilo la mwisho. Ndani ya maneno mawili kuna somo zima la uchumi: pesa haina thamani pale ambapo kilichotakiwa kuhifadhiwa hakikuhifadhiwa. Waliolitunga hawakuwa wachumi wa vyuoni. Walikuwa wakulima waliouza ng'ombe wakiwa bado na nyama kidogo mgongoni, wakaweka noti kwenye kitambaa, wakafika sokoni wakakuta magunia matupu. Jina hilo litatufaa tutakapolifikia suala la mchanga.

Mikono ya mwethya

Ukitoka barabarani na kuingia mashambani, utaona mistari iliyokata miteremko kama ngazi. Haya ni matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, mvua inasawazisha iliyobaki, na baada ya misimu kadhaa mteremko umekuwa uwanda. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kote, bila kutafsiriwa, kutoka huku Ukambani.

Matuta yamejengwa na mwethya, vikundi vya kazi ambavyo sehemu kubwa ni vya wanawake. Leo ni shamba la huyu, kesho la yule. Utafiti wa Mary Tiffen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba katika wilaya jirani ya Machakos idadi ya watu iliongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ukapungua. Wataalamu wa kikoloni walikuwa wametabiri kinyume. Hawakuipa uzito nguvu ya jembe la mtu aliye na shamba lake na majirani zake.

Katika matuta hayo hupandwa mbaazi, kunde, mtama, ndengu na mahindi ya Katumani, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani huko Machakos, inayokomaa upesi kabla mvua haijatoroka. Mahindi hutwangwa hadi ganda litoke, yakapikwa na maharagwe au mbaazi: ndiyo muthokoi. Chakula hiki kinakaa tumboni siku nzima, na mahindi yake yaliyokobolewa yakikauka vizuri hudumu ghalani muda mrefu.

Pembezoni mwa mashamba umesimama mukau, mti wa asili wa nchi hii. Mbao zake mchwa hawaziwezi, na hukomaa kwa miaka 10 hadi 15. Taabu yake ni mbegu. Kokwa yake ni ngumu kama jiwe, na ukiizika hivi hivi unaweza kungoja hadi uchoke. Wakulima waliona kwamba mbuzi hupenda tunda hilo, na asubuhi kokwa hupatikana zizini, zikiwa safi. Wanaziokota, wanazipasua kwa uangalifu ili punje isiumie, wanaichanja kidogo, wanailoweka, ndipo wanaisia. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo Kitui, na kwa miongo kadhaa, ikisaidiwa na Wajapani, imekuwa ikiboresha mti huu huu. Sayansi na zizi la mbuzi zimekutana kwenye kokwa moja.

Mikono hiyo hiyo ya mwethya ndiyo iliyojenga mabwawa ya mchanga. Shirika la SASOL la Kitui limezisaidia jamii za kaunti hii kujenga mamia yake tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji unasimamishwa juu ya mwamba, ukikata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ya kwanza inaleta mchanga nyuma ya ukuta, ya pili inaongeza, hadi unajaa. Wanakijiji hubeba mawe kichwani na wenye punda hubeba maji ya kuchanganyia saruji. Ukuta ukishamalizika hakuna injini wala umeme unaohitajika. Mto unaendelea kukauka kama kawaida, ila sasa shimo la kuchota liko karibu na maji yanadumu hadi mvua ijayo.

Chuo kikuu kimefika

Miaka ya 1970, enzi za harambee za kujenga vyuo, watu wa Ukambani walianzisha Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojulikana kama UKAI, katika nyika ya upande huu. Watu walichanga mbuzi, kuku na shilingi zao. Kwa muda mrefu ndoto hiyo ilikwenda kwa kuchechemea. Mwaka 2008 serikali ikaigeuza taasisi hiyo kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Machi 2013 ikapewa hati kamili ya kujitegemea: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU.

Kwa Vonza ikawa lango. Mwanafunzi hushuka kwenye matatu na begi lake, akapanda bodaboda kuingia ndani. Anahitaji chumba, chapati, mahali pa kunakili karatasi na kinyozi. Plot zikapanda bei. Palipokuwa na kichaka cha miiba pana nyumba za ghorofa za kupangisha. Kijana ambaye miaka 20 iliyopita angepanda basi kwenda kutafuta kibarua Nairobi au Mombasa leo anaweza kupata kazi ya ujenzi akirudi kulala kwa mama yake.

Hili ni jambo la kushangiliwa, na ninalishangilia. Wazee waliochanga kuku wao walistahili kuliona. Lakini kila chumba kinachojengwa kinahitaji zege, zege linahitaji mchanga, na mchanga uko mtoni.

Lori moja, mitungi 55

Tupige hesabu rahisi. Lori la tani 7 hubeba mita za ujazo zaidi ya 4 za mchanga. Mchanga mkubwa wa mto ukishiba hushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake, na mara nyingi huzidi hapo. Kwa hiyo lori hilo moja linapoondoka linaondoa nafasi ya kuhifadhi karibu lita 1,100 za maji, yaani mitungi 55 ya yule mama na punda wake. Tena haiondoki mara moja tu. Nafasi hiyo ingejaa kila msimu, mwaka huu na mwaka ujao, hadi siku mto utakapoleta mchanga mwingine wa kuijaza. Malori 10 kwa usiku mmoja ni mitungi 550.

Majirani wa Makueni wameshayapitia haya. Huko mito ilichimbwa hadi mwamba ukabaki uchi, vikundi vya vijana vikapigana, na watu wameuawa kwa sababu ya mchanga. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilitunga sheria ya kuuhifadhi na kuusimamia. Kitui nayo, mwanzoni mwa 2018, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti. Hatua hizo zilisaidia kuamsha watu. Hata hivyo marufuku ya kwenda nje haimzuii anayejenga hapa hapa, na polisi hawawezi kulala kwenye kila mkondo.

Kusini, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, Bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018 kwenye Athi, likikusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Ni mradi mkubwa na tunauombea mema. Lakini maji ya bwawa kubwa hufika kijijini kwa bomba, pampu na bili. Maji ya mchangani yamefika tayari, hayadai umeme, na mlezi wake ni jamii yenyewe.

Ninachokipendekeza hakizuii ujenzi. Kuna sehemu za mto ambapo mchanga hurudi upesi kila msimu, na kuna sehemu, hasa nyuma ya mabwawa ya mchanga na kwenye visima vya kuchota, ambazo hazifai kuguswa hata kwa sepetu moja. Wanaojua tofauti hiyo ni wale wanaochota humo kila siku. Si mbali na hapo kuna chuo kikuu chenye wanafunzi wa kilimo, maji na mazingira. Ni nini kinachozuia darasa moja kwa mwaka kuteremka mtoni na akina mama, kuchora ramani ya kila mkondo, kuupima mchanga kabla na baada ya mvua, na kuikabidhi wadi ramani hiyo iwe ndiyo sheria ya mahali pa kuchimba na pa kuacha? Darasa lingine liketi na wazee, liandike majina ya njaa, ya mabonde na ya mapito ya kale ya wanyama, maana wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka na makaburi hayafanyi mahojiano.

Mwaka 1984 watu walikuwa na pesa na hawakupata cha kununua. Kwa Vonza ya leo ina pesa kuliko wakati wowote katika maisha yake. Noti ya mchanga inaingia mfukoni siku moja, na mtungi wa maji unahitajika siku zote.

Kesho alfajiri mama yule atarudi mtoni. Atatengua miiba, atapiga magoti, ataingiza mkono. Mwenye kutaka kujua kama kijiji hiki kinaendelea au kinarudi nyuma asihesabu ghorofa zilizo kando ya lami. Aende mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, apime kina cha shimo lile. Likiwa bado ni kina cha mkono, akiba ipo. Siku litakapohitaji ngazi, tutakuwa tumeshaila.